Amana, Kadi ya Kukwaruza na Ruta: Historia Fupi ya Mikataba ya Simu na Intaneti Nairobi

Leo naweka kando lugha za programu ili tuzungumze juu ya karatasi. Naam, karatasi ile unayoiweka sahihi fundi akiwa tayari amepanda ngazi na waya begani, nawe unaharakisha kwa sababu watoto wanauliza kama katuni zimefika.

Kama mnavyojua, kazi yangu naifanyia ghorofani hapa River Road, barabara iliyolala kati ya Tom Mboya na Kirinyaga. Chini yetu kuna wapiga chapa, wachonga mihuri na wauza vifaa vya umeme. Ukitaka kitabu cha risiti au fomu yenye maandishi madogo kama chungu, utakipata kabla ya saa kumi jioni. Sehemu ya kazi yangu ni kuandika programu za ankara kwa biashara ndogo ndogo, na kwa sababu hiyo watu huniletea mikataba yao ya intaneti niwasomee. Swali linalorudi mara kwa mara ni hili: "Niliacha kulipa na wakanikatia. Mbona sasa wanasema nina deni la miezi sita?"

Jibu la swali hilo ni refu kidogo, na ili tulielewe inabidi turudi nyuma. Nairobi imepitia enzi tatu za mikataba ya mawasiliano: enzi ya amana, enzi ya kadi ya kukwaruza, na enzi ya ruta. Karibu kila mtego uliomo kwenye mkataba wa leo una babu yake katika enzi iliyotangulia.

Enzi ya amana

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nayo. Kenya ikaunda lake, Shirika la Posta na Mawasiliano ya Simu la Kenya, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake KPTC. Kwa miaka 22 shirika hilo lilikuwa kila kitu: ndilo lililouza huduma, ndilo lililotoa leseni, na ndilo lililosikiliza malalamiko. Ukikosana nalo hukuwa na kwa kwenda.

Kupata simu ya nyumbani kulikuwa na hatua tatu: kujaza fomu, kulipa amana, na kungoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kazi. Waya wa shaba uliofika mtaani ulikuwa na jozi zake za kuhesabu, na jozi zikiisha, zimeisha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa na laini takriban laki tatu tu, huku makumi ya maelfu ya watu wakiwa kwenye orodha ya kungoja. Mtu alilipa leo na kufungiwa simu miaka kadhaa baadaye, na katikati hapo watu walijifunza maana ya methali ya Kiswahili: mkono mtupu haulambwi.

Tuitazame amana kwa makini. Simu ya waya ilikuwa ya malipo ya baadaye: unapiga sasa, ankara inakuja mwezi ujao. Kwa hiyo shirika lilikuwa linakukopesha, na mkopeshaji hutaka rehani. Juu ya amana kulikuwa na ada ya laini ya kila mwezi, ambayo ilitozwa hata kama hukuinua mkono wa simu. Hapo ndipo mtego wa kwanza ulipozaliwa: ulikuwa unalipia kuwepo kwa laini. Aliyehama nyumba bila kwenda kwenye kaunta kuifunga laini yake rasmi aliacha jina lake likifanya kazi peke yake kwenye daftari.

Mtego wa pili ulikuwa wa jina. Wakubwa kwa umri watakumbuka kufuli dogo lililofungwa kwenye tundu la simu ya kuzungusha ili watoto na wageni wasipige. Kwa mtu wa teknolojia kufuli hilo ni mzaha mtamu. Simu ile ilituma tarakimu kwa kukatakata umeme wa laini: tarakimu 5 ni kukata mara tano, tarakimu 0 ni kukata mara kumi. Basi vijana waligundua kwamba ukigonga kitufe cha kukatia simu kwa mdundo sawasawa, unapiga namba yoyote bila kugusa duara. Kufuli lililinda duara, halikulinda laini. Na katika mitambo ya zamani mita ya mteja ilihesabu midundo tu: simu ya mbali ilidunda haraka, ya karibu polepole, na mwisho wa mwezi unapewa jumla. Nani alipiga, alimpigia nani, haikujulikana. Kilichojulikana ni jina lililo kwenye fomu. Mwenye jina ndiye mwenye deni.

Ndiyo maana madukani mjini simu ilikaa juu ya kaunta kama mfalme, mwenye duka akiwa na kufuli, saa na daftari. Alikuwa amejiundia mfumo wake wa ankara, kwa kalamu ya wino.

Mikataba miwili kwa waya mmoja

Intaneti ya umma ilianza kuuzwa Nairobi katikati ya miaka ya 1990, na makampuni kama Africa Online na Form-net yakawa majina ya mjini. Nyumbani ilipitia waya uleule wa simu. Modemu ilipiga namba, ikapiga makelele yake, kisha ukurasa ukaanza kushuka mstari kwa mstari.

Hapa mteja aliweka sahihi mikataba miwili bila kufahamu vizuri. Wa kwanza ni na kampuni ya intaneti: ada ya mwezi. Wa pili alikuwa nao tangu zamani, ule wa simu, ambao ulihesabu kila dakika modemu ilipokuwa hewani. Tufanye hesabu. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikifanya kazi kwa ukamilifu wake (na haikufanya), hushusha kilobaiti 7 kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti 2 ingechukua karibu dakika tano. Tangazo la kampuni ya intaneti lilisema bei ya mwezi, nalo halikudanganya. Lakini ankara kubwa ilitoka upande wa pili, na mama wa nyumbani akaapa kwamba kompyuta ina pepo.

Funzo hapa halijazeeka: bei iliyo kwenye tangazo ni bei ya sehemu moja ya mnyororo. Uliza sehemu nyingine zinalipwa na nani.

Mnyororo huo ulikuwa na kero nyingine ambayo mteja hakuiona kabisa. Trafiki yote ya kimataifa ilipaswa kupitia kwa mwenye ukiritimba, na kampuni za Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Barua pepe kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi kwa setilaiti nyingine. Novemba 2000 makampuni ya intaneti yaliungana yakafungua kituo cha kubadilishana trafiki hapa nchini, kiitwacho KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa imezaliwa mwaka 1999 KPTC ilipogawanywa, ililalamika kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na baada ya wiki kama mbili tu mdhibiti akaamuru kituo kifungwe. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Muda wa safari ya pakiti kati ya kampuni mbili za Nairobi ulishuka kutoka zaidi ya milisekunde elfu moja hadi chini ya mia moja.

Kwa nini naisimulia hadithi hii katika makala ya mikataba? Kwa sababu kwa zaidi ya mwaka mmoja mteja aliuziwa huduma dhaifu kwa sababu ya mgogoro wa makampuni ambao yeye hakuwa sehemu yake, na mkataba wake haukuwa na neno hata moja la kumfidia.

Enzi ya kadi ya kukwaruza

Kisha mwaka 2000 dunia ikageuka. Vodafone iliingia Safaricom, na Kencell ikafungua milango mwaka huohuo. Walichouza hawa kwa mwananchi wa kawaida kilikuwa kitu kipya: simu bila mkataba. Hakuna amana, hakuna orodha ya kungoja, hakuna ankara mwisho wa mwezi. Unanunua kadi, unaikwaruza kwa sarafu, unaingiza tarakimu, unaongea. Salio likiisha, mmeachana kwa amani. Safaricom ikatoza kwa sekunde, na taifa zima likajifunza kuongea kama telegramu.

Kufikia 2004 kulikuwa na wateja wa simu za mkononi zaidi ya milioni 2, huku laini za waya zikiwa zilezile laki tatu. Wakati huo hapa River Road karibu kila mlango uliuza kadi.

Mimi nadhani hapa ndipo tulipopata baraka na hasara kwa pamoja. Baraka tunaijua. Hasara ni kwamba kizazi kizima kilikua bila kusoma mkataba. Kwa mtu wa kadi, "kuacha kulipa" na "kuacha huduma" ni kitendo kimoja. Ukiacha kulipa, huduma inakoma, na hakuna anayekudai. Fikra hiyo ikaingia damuni. Tukaizoea kiasi cha kudhani kwamba ndivyo ulimwengu ulivyoumbwa.

Katikati hapo kulikuwa na wazo lililojaribu kuunganisha enzi zote mbili: simu ya mezani isiyo na waya. Ukiritimba wa Telkom ulikwisha mwaka 2004, na baadaye kidogo kampuni kadhaa, Telkom ikiwemo, ziliuza simu za teknolojia ya CDMA. Zilionekana kama simu ya nyumbani, zikatumia hewa. Lakini simu ya CDMA haifanyi kazi kwenye mtandao wa GSM, na namba ilifungwa pamoja na chombo. Huduma ilipokoma, chombo kikabaki pambo la meza. Huu ni mtego mkongwe wa kifaa kinachojua bwana mmoja tu, na tutakutana nao tena.

Enzi ya ruta

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa. TEAMS, iliyotoka Fujairah huko Falme za Kiarabu, ilitua Juni. SEACOM ikaanza kazi Julai. EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, iliyo kilomita elfu 36 juu yetu, bei ghali na ucheleweshaji usiokwepeka.

Bei ya jumla iliposhuka, makampuni yakaanza kuchimba mitaro. Zuku ilipeleka nyaya mitaani na kuuza vitu vitatu kwa pamoja: televisheni, intaneti na simu ya nyumbani. Jamii Telecommunications ikaja na Faiba. Safaricom ikaingia rasmi na faiba ya nyumbani mwaka 2017. Kileleshwa, Kilimani, Lavington na Westlands zikapata kwanza, kisha Kangemi na Kawangware, ambako faiba hupita juu ya mabati kwenye nguzo za stima, na ambako vijana wa mtaa nao hununua laini moja kubwa na kuigawa kwa majirani.

Faiba ilirudisha fomu. Mtu aliyeishi miaka kumi na kadi za kukwaruza sasa anaweka sahihi tena, kama babu yake mbele ya kaunta ya KPTC. Tofauti ni kwamba babu aliijua kaunta ile vizuri. Sisi tumesahau.

Sasa tupitie mitego yenyewe.

Mtego wa hali tatu

Huu ndio unaojibu swali la pale mwanzo, na nitaueleza kama mwandishi wa programu. Katika hifadhidata ya ankara, akaunti ya mteja kwa kawaida huwa na hali tatu: hai, imesimamishwa, na imefungwa. Usipolipa, programu huihamisha yenyewe kutoka "hai" kwenda "imesimamishwa". Taa ya ruta inageuka nyekundu. Lakini mara nyingi programu haikuhamishi yenyewe kwenda "imefungwa". Hatua hiyo kwa kawaida inahitaji binadamu aliyepokea barua yako.

Kama huduma ni ya malipo ya kabla, akaunti iliyosimamishwa hulala tu, haizai kitu. Kama ni ya malipo ya baadaye, kila tarehe moja programu hupita kwenye orodha, ikikuta akaunti isiyofungwa hutoa ankara. Programu haina roho mbaya, inafanya ilichoambiwa, na iliambiwa na mkataba. Nimewahi kuona mpangaji mmoja wa Kangemi akidaiwa ada za miezi mingi kwa nyumba ambayo tayari ilikuwa na mpangaji mwingine na faiba ya kampuni nyingine. Alikuwa fundi cherehani, na deni lile lilikuwa karo ya mtoto ya muhula mzima. Hakuwa ametumia hata baiti moja. Kilichomwokoa ni ujumbe wa simu alioutuma kwa ajenti siku anahama, na ambao kwa bahati hakuufuta.

Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi uliza swali moja kwa maneno haya haya: "Nikiacha kulipa, je, ankara zinaendelea?" Na ukiondoka, andika. Barua pepe inatosha, mradi ina tarehe, namba ya akaunti, na ombi la kuthibitishiwa. Kuacha kulipa si kusitisha mkataba.

Mtego wa "hadi"

Neno dogo kuliko yote katika tangazo ni "hadi". Hadi megabiti 20. Na hapo kuna mambo mawili.

Kwanza, biti si baiti. Baiti moja ni biti nane. Megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 1 kwa sekunde. Mtu akiona programu yake inashusha faili kwa megabaiti 1 hudhani ameibiwa sehemu saba kati ya nane, kumbe amepata haki yake yote.

Pili, laini inagawanywa. Kampuni haikuwekei bomba lako peke yako hadi Mombasa. Inanunua uwezo fulani na kuwauzia wengi, kwa matumaini kwamba hamtafungua bomba wote kwa wakati mmoja. Hakuna ubaya katika hilo, mitambo ya simu ya zamani ilijengwa hivyohivyo. Ubaya ni pale mkataba usiposema mnagawana wangapi. Hata angani ni hivyo. Starlink ilipoanza Kenya Julai 2023 watu walidhani sasa mambo ya kugawana yamekwisha, lakini Novemba 2024 ilisimamisha kwa muda kuandikisha wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo wa eneo ulikuwa umejaa.

Usiulize "ni kasi gani?" Uliza "saa mbili usiku ni kasi gani?" Na kabla ya kumwuliza ajenti, mwulize jirani.

Mtego wa "bila kikomo"

Mwishoni mwa 2020 Safaricom iliweka sera ya matumizi ya haki kwenye faiba ya nyumbani: gigabaiti 500 kwa mwezi kwa wateja wa megabiti 8, na gigabaiti 1,000 kwa vifurushi vya juu. Ukipita hapo, kasi inapunguzwa. Kulikuwa na sababu, watu wa ploti moja walikuwa wakinunua laini moja na kuiuza tena. Lakini hesabu inafundisha.

Mteja wa megabiti 8 akifungua bomba lote, gigabaiti 500 humaliziwa kwa sekunde 500,000, yaani chini ya siku sita. Mteja wa megabiti 100 hushusha megabaiti 12.5 kwa sekunde, na gigabaiti zake 1,000 zingemalizika kwa sekunde 80,000. Hiyo ni saa 22 na kidogo. Siku haijaisha! Bila shaka hakuna nyumba inayotumia hivyo mfululizo. Ninachosema ni kwamba aliyenunua kasi mara kumi na mbili alipata ujazo mara mbili tu. Ukisoma namba moja bila nyingine hujajua umenunua nini. Na takwimu hizi hubadilika, kwa hiyo soma za siku unayoweka sahihi, na usome pia kipengele kinachosema kampuni inaweza kubadilisha masharti.

Mtego wa kifaa

Ruta ni ya nani? Katika mikataba mingi imeazimwa kwako, hata kama ulilipa "ada ya kufungiwa". Ukihama ukaiacha ukutani, imepotea mikononi mwako. Ukiichukua, umechukua mali ya watu. Irudishe upewe karatasi. Na ile unayonunua mwenyewe hapo Luthuli Avenue, hakikisha haikufungwa kwa mtandao mmoja, usije ukarithi ndugu wa simu ya CDMA.

Mtego wa namba

Wanaochukua simu ya nyumbani ndani ya kifurushi wajue jambo moja. Tangu Aprili 2011 unaweza kuhama mtandao wa simu ya mkononi na namba yako. Utaratibu ule ulikuwa wa simu za mkononi. Namba ya mezani ukiichapisha kwenye kadi za biashara na mabango, umejifunga kwa kampuni kwa kamba ambayo haimo hata kwenye mkataba.

Mtego wa mwenye nyumba

Ghorofa nyingi za magharibi mwa jiji zina waya wa kampuni moja tu, kwa sababu landilodi au keateka amekubaliana nayo. Huo ni mkataba ambao wewe hukuuona, lakini unakuchagulia. KPTC iliondoka mlangoni ikaingia dirishani! Uliza kabla ya kulipa dipoziti ya nyumba, si baada ya kuhamisha makochi. Na kama kampuni yako inakuahidi "utahama nayo", uliza: kama ninakohamia hamna waya, je, ninalipa faini ya kuvunja mkataba mapema?

Mtego wa baharini

Februari 2012 meli ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na Mombasa ikaikata TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikarudi kutambaa. Mikataba huyaita mambo haya nguvu zisizozuilika. Ni haki kiasi, hakuna ajenti wa River Road anayeweza kuilinda nanga. Lakini mkataba mzuri hutofautisha nanga ya Mombasa na fundi aliyesahau kuja Kawangware kwa wiki mbili. Tafuta kipengele kinachotaja siku ngapi bila huduma zinakupa fidia. Kama hakipo, jua kwamba kukatika kote kumewekwa kapu moja.

Sheria inasemaje

Tofauti kubwa kati yetu na mteja wa KPTC ni kwamba sisi tuna kwa kwenda. Sheria ya mawasiliano ya 1998 ilitenganisha mwuzaji na mdhibiti. Kanuni za kumlinda mtumiaji za 2010 zinampa mteja haki ya kuelezwa bei na masharti kwa ukamilifu na uwazi, kutozwa kwa huduma alizojiandikisha tu, na kupata ankara sahihi inayoeleweka. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, imeingiza haki za mtumiaji kwenye sheria kuu ya nchi, ikafuatiwa na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012. Na kwa ile nakala ya kitambulisho unayoacha kwa ajenti, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Utaratibu ni kulalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, kwa maandishi, upewe namba ya lalamiko. Wakikaa kimya au wakikujibu ovyo, ndipo unapeleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na ushahidi. Bila maandishi ya hatua ya kwanza, hatua ya pili inaanza ikiwa kilema. Ndiyo maana nasisitiza karatasi, mimi ninayeishi kwa kompyuta.

Kwa ufupi, kabla ya kuweka sahihi ujue: ni malipo ya kabla au ya baadaye, muda wa chini ni miezi mingapi, nikitoka natoa notisi ya siku ngapi na kwa njia gani, kasi na ujazo ni kiasi gani, ruta ni ya nani, nikihama inakuwaje, na amana, kama ipo, inarudi lini. Maswali saba. Ajenti anayekasirishwa na maswali saba amekwishakujibu. Omba nakala ya mkataba, ipige picha, ijitumie kwa barua pepe.

Nimalizie kwa kusema kwamba mkataba si adui. Yule aliyelipa amana mwaka 1985 na kungoja hakuwa na chaguo. Wewe unaweza kusema hapana, ukashuka ngazi, na kuingia mlango wa pili. Uwezo huo umetugharimu miaka mingi, nanga kadhaa na vita vya KIXP. Tusiupoteze kwa sahihi ya sekunde tatu.

Wakati mwingine, Mungu akipenda, nitaeleza jinsi ya kupima kasi ya laini yako usiku kucha kwa programu fupi ya mistari ishirini, ili ukienda kulalamika uende na takwimu. Hadi hapo, wasalaam.